Rangi Juu ya Rangi: Kuta za Maduka ya Kianjai

Kianjai ni mji wa soko huko Tigania Magharibi, Kaunti ya Meru, kando ya barabara ya Meru kwenda Maua. Katika miji ya namna hii nchini Kenya, ukuta wa duka umekuwa bango la bei nafuu kwa miaka mingi: ng'ombe kwenye bucha, kichwa kilichonyolewa vizuri kwa kinyozi. Mchoro humwelekeza hata asiyejua kusoma, ingawa ng'ombe wa mchoraji mara nyingi huwa amenona kuliko yule aliyening'inizwa ndani.

Simu za mkononi zilibadili kazi hiyo. Kampuni zilipaka kuta kwa gharama zao. Mwenye duka akapata rangi mpya, nazo zikapata tangazo. Kijani cha Safaricom kilipata maana zaidi baada ya huduma yake ya pesa, M-Pesa, kuanza Machi 2007, maana kilimjulisha mpita njia kwamba hapo pesa hutumwa na kutolewa. Mshindani wa Safaricom alibadilisha jina mara kwa mara: KenCell iliyoanza 2000 ikawa Celtel 2004, Zain 2008, kisha Airtel 2010, na kila jina lilidai rangi yake. Kwa hiyo ukuta mmoja unaobambuka waweza kuonyesha majina ya kampuni hiyo kwa mpangilio, la karibuni juu, la awali chini.

Tangu ugatuzi ulipoanza 2013, kaunti nazo hutoza ada za matangazo, hivyo ukuta huo umekuwa pia chanzo cha mapato ya serikali.