HISTORIA YA MKANDA WA GARI: KWA NINI UNAJILOKI UKIWA NA HARAKA?

Wiki hii tunaacha kidogo mambo ya chanjo na uji, tunaingia kwenye gari. Swali ninaloulizwa sana siku za kliniki ni hili: "Sista, mkanda wa kiti cha nyuma unaloki kila nikiuvuta, nimfungeje mtoto?" Na wengi wanamalizia wenyewe: "Basi nampakata tu."

Hapo kwenye "nampakata tu" ndipo ninaposhtuka. Kwa hiyo leo natoa historia ya huu mkanda, sehemu kwa sehemu. Mkanda wa gari una namna zaidi ya moja ya kujiloki, na kila moja ililetwa kutatua shida fulani. Ukijua ipi ililetwa kwa nini, utajua kama mkanda wako unafanya kazi yake au umeharibika kweli.

SEHEMU YA 1: WAZO LILITOKA HOSPITALI

Miaka ya 1950 magari mengi duniani hayakuwa na mkanda kabisa. Yaliyokuwa nao, ulikuwa wa kiunoni tu kama wa kwenye ndege. Kule Pasadena, California, daktari wa upasuaji wa ubongo aitwaye C. Hunter Shelden alikuwa anapokea majeruhi wengi wa ajali za magari walioumia kichwa. Mwaka 1955 akaandika kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani kwamba dawa ya majeraha yale ni kuyazuia yasitokee. Alitaka magari yenyewe yabadilishwe, na kati ya alivyopendekeza kulikuwa na mikanda inayojikunja yenyewe.

Wakati huohuo kulikuwa na daktari mwingine, wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp. Huyu alijijaribia mwenyewe. Tarehe 10 Desemba 1954, kule New Mexico, alifungwa mikanda kwenye kigari cha reli kinachosukumwa na roketi, kikafika mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, halafu kikasimamishwa kwa sekunde 1.4 tu. Macho yalivilia damu, kwa muda akawa haoni. Lakini alipona, akaja kufa mzee wa miaka 89. Alichoonyesha ni kwamba mwili wa binadamu unaweza kuvumilia kusimamishwa kwa nguvu ya ajabu, ilimradi umefungwa vizuri.

SEHEMU YA 2: MSWIDI ALIYETAKA UFUNGE KWA MKONO MMOJA

Nils Bohlin alikuwa mhandisi wa Uswidi. Kabla ya magari alikuwa Saab, akitengeneza viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege ikipata hatari. Alipohamia Volvo akapewa kazi ya mkanda. Mkanda wa kiunoni peke yake ulikuwa na shida: kiuno kinabaki, kifua na kichwa vinarushwa mbele, na tumbo linabanwa.

Mwaka 1959 akaleta mkanda tunaoujua leo: kipande kimoja kinapita kifuani, kingine kwenye nyonga, vyote vinachomekwa sehemu moja pembeni ya kiti. Alitaka mtu aweze kuufunga kwa mkono mmoja, maana alijua kitu chenye usumbufu watu hawakitumii. Volvo wakaacha kampuni nyingine zitumie ubunifu huo bure.

Mwaka 1967 Bohlin akatoa matokeo ya uchunguzi wa ajali kama 28,000 za Uswidi. Waliokuwa hawajafunga mkanda, wapo waliokufa hata kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Mama, kilomita 20 ni mwendo wa kutafuta sehemu ya kupaki sokoni. Waliofunga, hakuna aliyekufa kwenye ajali za chini ya kilomita 95 hivi kwa saa.

SEHEMU YA 3: GOLOLI NDANI YA MKANDA

Mikanda ile ya mwanzo ilikuwa haijikunji. Unaukaza kwa mkono, ukishaukaza umebanwa hapo. Ukitaka kufikia redio au kumgeukia mtoto, haiwezekani. Watu wakafanya nini? Wakailegeza. Na mkanda uliolegea unakuacha uende mbele kwanza, ndipo ukudake kwa kishindo.

Jibu lilisambaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960: kigurudumu chenye springi kinachokunja mkanda ndani ya nguzo ya mlango au nyuma ya kiti. Siku zote kinakuachia ujisogeze, ila kukitokea hatari kinaloki. Kinajuaje hatari? Kina njia mbili.

Ya kwanza inasikiliza gari. Kwenye mikanda mingi ndani kuna gololi ya chuma imekaa kwenye kikombe kidogo. Gari likifunga breki ghafla, likigongwa au likiinama sana, gololi inabingirika na kuinua kijino kinachozuia kigurudumu kisizunguke. Ndiyo maana ukipaki kwenye mteremko, Lushoto au Mbeya, mkanda unaweza kukataa kutoka. Haujaharibika. Gololi imehisi mwinamo.

Ya pili inasikiliza mkanda wenyewe. Ukiuvuta kwa kasi, unadhani ni mwili unarushwa, unaloki. Na mama mwenye mtoto anayelia na foleni nyuma yake atavuta kwa kasi tu. Unavuta, unaloki, unavuta kwa hasira zaidi, unaloki zaidi.

SEHEMU YA 4: MKANDA UKIKERA, WATU WANAUKATAA

Wamarekani walilijua hili kwa njia ngumu. Magari ya modeli ya 1974 yaliwekewa mfumo: usipofunga mkanda, gari haliwaki. Hata mfuko wa sokoni ukiwekwa kiti cha mbele ulihesabiwa kama abiria. Watu walikasirika, wengine wakakata nyaya, na Oktoba mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, mfumo ukaondolewa.

Huku kwetu, majirani zetu wa Kenya wanakumbuka Februari 2004, sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kubana matatu. Kila abiria mkanda. Wengi walifunga, lakini malalamiko yalikuwa mengi kwamba mikanda ni michafu, inachafua nguo. Kama Bohlin alivyojua, kero ndogo inatosha kumfanya mtu aache kufunga. Mkanda unaoloki ovyo ni kero ya aina hiyohiyo, na anayelipa ni mtoto aliyepakatwa.

Na kupakata hakusaidii, nisikilizeni. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Hakuna mikono ya mama inayoweza kushika hiyo. Si suala la mapenzi.

SEHEMU YA 5: LOKI YA KITI CHA MTOTO (someni hii mara mbili)

Gololi ilileta shida mpya. Kiti cha mtoto kinahitaji mkanda unaobana muda wote, sio wakati wa breki tu. Kwa hiyo ikaongezwa loki nyingine, na Marekani ikalazimisha magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1995 yawe na namna ya kuloki mkanda kwa ajili ya kiti cha mtoto.

Kwenye magari mengi inafanya kazi hivi: ukiuvuta mkanda mpaka mwisho kabisa, kisha ukauachia kidogo, unasikia trrr-trrr. Kuanzia hapo unaingia tu, hautoki. Ukimfunga mtu mzima unambana kila akijisogeza, mpaka mnadhani umekufa. Kumbe kuna mtu aliuvuta wote. Dawa yake: ufungue, uache urudi ndani wote mpaka mwisho, halafu vuta upya taratibu. Loki itakuwa imejitoa.

Hatari yake ni hii. Mtoto anayecheza na mkanda wa pembeni akauvuta wote na kujizungushia shingoni, kila akijinyonganyonga mkanda unazidi kukaza. Kufungua sehemu ya kuchomekea kunaweza kusisaidie. Ikitokea, kata mkanda hapohapo kwa mkasi au kisu, usiwaze bei. Kwa hiyo mikanda ya viti vitupu ifungeni, na mtoto asiachwe peke yake kwenye gari, hata dakika moja.

SEHEMU YA 6: SASA MKANDA WAKO UNA NINI?

Anza hivi, gari likiwa limesimama sehemu tambarare:

1. Uache urudi ndani wote. Kama umekwama na hautoki hata kidogo, uvute kwa nguvu mara moja, uachie, kisha vuta polepole.
2. Angalia kama umejisokota, hasa pale juu unapopita begani. Nyoosha.
3. Unarudi kwa uvivu? Mara nyingi ni uchafu: juisi, maziwa, mchanga. Uvute wote, ufute kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uache ukauke ukiwa nje. Usitumie jiki wala kupaka oili.
4. Unaloki hata tambarare na taratibu? Kumbuka gololi. Kama hivi karibuni fundi alifungua nguzo ya mlango au viti, huenda kigurudumu kimerudishwa kikiwa upande. Mrudishie.
5. Gari liliwahi kupata ajali? Kuanzia 1981, Mercedes-Benz walipoanza, mikanda mingi imewekewa kifaa kinachoikaza kwa mlipuko mdogo gari likigonga. Kikishalipuka, kazi yake imeisha. Mkanda huo haurekebishwi, unabadilishwa. Mwenye gari la mtumba, muulize fundi jambo hili. Na kwa sababu ya mlipuko huo, msifungue wenyewe nyumbani.

Mkanda ukichanika pembeni, nyuzi zikatoka, badilisha. Na wale wanaobana kibanio cha nguo juu ya mkanda ili usiwabane: mmerudi kwenye mkanda uliolegea wa kabla ya gololi.

Wajawazito: kipande cha chini kipite chini ya tumbo, kwenye nyonga. Cha juu kipite katikati ya maziwa, pembeni ya tumbo. Mkanda usipite juu ya tumbo.

Kipimo cha mwisho: vuta taratibu, unatoka. Vuta kwa ghafla, unaloki. Ukipata majibu hayo mawili, mkanda wako ni mzima, mfunge mtoto muende. Usipoloki kabisa ukiuvuta ghafla, huo ndio wa kuogopa zaidi, upeleke gereji kabla ya safari.

Mtumie baba watoto asome, na dereva wa gari la shule pia. Wiki ijayo tunarudi kwenye uji.