Mama Agnes Atakaye, Mzazi wa Mwenye Heri

Katika Maniema ya kusini, ukipita nyumba kwa nyumba, hukosi kusikia habari za bibi aliyetoka mbali. Mmoja alikuja kwa ndoa. Mwingine alimfuata mume wake kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya. Na wale wa zamani zaidi waliletwa kwa nguvu, kamba shingoni, katika njia ya misafara iliyotoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikaelekea Ziwa Tanganyika na Ujiji. Bibi wa namna hii hakuwa na ukoo wa kumtetea. Hata leo wako watu wanaowacheka wajukuu wake na kuwaita wana wa watumwa. Maneno hayo ni dhambi, tena ni ujinga.

Vitabu vya historia vimeandika majina ya wakubwa: Tippu Tip aliyetawala Kasongo, na Dhanis aliyeuteka mji huo mwaka 1893. Majina ya mabibi ni haba. Basi leo tumkumbuke mwanamke mmoja ambaye jina lake limesalia, naye ni Agnes Atakaye wa Mpala.

Mpala iko ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika. Mapadri Weupe walipewa kituo hicho mwaka 1885. Watu wa huko hawakuwa wa ukoo mmoja. Pamoja na wenyeji walikuwapo watoto na vijana ambao Mapadri waliwakomboa kwa vitambaa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, na watu waliokimbia vita. Ukatekumeni wao ulikuwa mrefu: Kardinali Lavigerie aliagiza miaka 4 kabla ya ubatizo. Wengi hawakuwa na baba wala mama. Msimamizi wa ubatizo ndiye aliyekuwa jamaa yao wa kwanza.

Mwaka 1887 alifika hapo Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842, ambaye zamani alikuwa askari wa Baba Mtakatifu Pio IX. Kazi yake ilikuwa kuwalinda watu wa misioni. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye kwa ndoa ya Kanisa. Tufahamu uzito wa jambo hili. Siku zile Wazungu wengi walikaa na wanawake wa nchi bila ndoa, kisha wakawaacha pamoja na watoto wao. Agnes hakuwa mwanamke wa kuachwa. Alikuwa mke mbele ya altare, na nyumba yake ilikuwa nyumba ya Kikristu.

Walihamia Mtakatifu Ludoviko wa Mrumbi, na baadaye karibu na misioni ya Baudouinville, yaani Moba. Joubert hakurudi tena kuishi Ulaya. Alifariki mwaka 1927, akazikwa katika nchi ya mke wake.

Katika watoto wao alikuwamo Albert, aliyezaliwa Mrumbi mwaka 1908. Alipata upadri mwaka 1935. Mwaka 1964 alikuwa Fizi, jirani zetu wa Kabambare, katika nchi ambayo kabla ya mwaka 1962 ilikuwa sehemu ya jimbo letu la Kasongo. Tarehe 28 Novemba mwaka 1964, wakati wa vita ya Wasimba, waasi waliwaua Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Siku ile ile, huko Fizi, waliwaua Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti mwaka 2024, mjini Uvira, Kardinali Ambongo aliwatangaza wote 4 kuwa Wenye Heri.

Tazameni basi. Bunduki za Kapteni zimekwisha kula kutu, lakini nyumba ile imezaa matunda. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi makatekista tunafundisha watoto saa chache kwa juma. Mama na bibi hufundisha kila siku, tangu mtoto anapoonyeshwa ishara ya msalaba kwa mkono wake mdogo.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. La kwanza: mwulizeni bibi yenu, angali hai, alitoka wapi, nani alimbatiza, na nani alikuwa msimamizi wake. Andikeni majibu katika daftari. Akiwa mtoto wa mateka, msifiche. Aibu ni ya aliyeuza, si ya aliyeuzwa.

La pili: wako wamama waliokimbilia kwetu kwa sababu ya vita, nao hukaa nyuma kabisa kanisani, hawajulikani. Waulizeni majina yao, wasogezeni mbele. Katika Mpala ya zamani wageni kama hao ndio waliokuwa Kanisa. Nani ajuaye ni yupi kati ya wajukuu wao atakayesimama siku moja altareni petu?