Mti Uliopelekwa Angani

Ukishika tawi la msprusi wa Sitka bila kuangalia, kiganja kitakwambia: majani yake ni sindano ngumu, zenye ncha. Ni jamaa wa msonobari, lakini hautaki kukaa mbali na bahari. Humea kwenye ukanda mwembamba wa pwani ya Pasifiki, kuanzia Alaska mpaka kaskazini mwa Kalifonia.

Siri yake ni maji. Majira ya baridi mvua hainyamazi. Kiangazi inapopungua, ukungu hupanda kutoka baharini, ukanaswa na zile sindano na kudondoka tone kwa tone hadi mizizini. Mti unaokunywa hivyo hurefuka. Upo mmoja katika bonde la Carmanah, Kisiwa cha Vancouver, wenye mita 96 hivi, takriban jengo la ghorofa 30. Na mkubwa huyo huenda alianzia juu ya mzoga wa mwenzake, kwani mara nyingi mche huota juu ya gogo lililoanguka. Mizizi hulikumbatia gogo, gogo huoza, na karne zikipita unakuta majitu yamesimama mstari mmoja, kila moja na uwazi kati ya miguu yake.

Kwa Wahaida na Watlingit, wenyeji wa pwani hiyo, mali ya mti huu ilikuwa mizizini. Wanawake walichimba mizizi myembamba, wakaibabua motoni ganda liachie, wakaipasua, wakailoweka, kisha wakasuka vikapu vilivyobana kiasi cha kushika maji. Mti wenyewe ulibaki umesimama na ukungu wake.

Wageni waliutazama kwa jicho la mbao. Shina lilivimba mno chini, kwa hiyo wakataji walitoboa matundu ndani yake, wakachomeka mbao na kusimama juu yake, shoka mkononi. Matundu hayo bado yanaonekana kwenye visiki vya zamani, kama macho mawili.

Kilichouponza zaidi si urefu, ni wepesi. Mbao zake ni nyepesi, imara, na nyuzi zake ndefu zimenyooka. Ndege ya ndugu Wright ya 1903 ilitumia mbao za sprusi, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, kila jeshi lilizitaka. Mwaka 1917 wakataji wa Washington na Oregon waligoma, wakidai kazi isizidi saa nane kwa siku na malazi safi. Walikuwa wamechoka kubeba mablanketi yao wenyewe kutoka kambi hadi kambi. Jeshi la Marekani likaunda kikosi maalumu chini ya Brice Disque, na askari zaidi ya 25,000 wakaingia msituni na viwandani. Saa nane zilikubaliwa Machi 1918. Walichonyimwa kama haki, walikipata kwa sababu ya mabawa ya ndege.

Uingereza nako, mbegu alizopeleka mkusanyaji wa mimea David Douglas mwaka 1831 zilizaa jeshi lingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nchi iliyoishiwa mbao iliupanda mti huu kwa safu, hasa Uskoti, na huko huvunwa ukiwa na miaka 40 hivi. Mti unaoweza kupita miaka 500 unakatwa ukiwa bado kijana!

Carmanah iliponea chupuchupu. Mwaka 1989 wachoraji waliingia bondeni na turubai zao kabla misumeno haijafika, na mwaka uliofuata sehemu ya bonde ikawa hifadhi.

Kiidk'yaas haukupona. Huu ulikuwa msprusi wa visiwa vya Haida Gwaii wenye sindano za rangi ya dhahabu, uliotukuzwa na Wahaida. Usiku mmoja wa Januari 1997 mtu aliyezichukia kampuni za magogo aliukata kwa msumeno, eti kupinga ukataji, na siku chache baadaye ukaanguka. Vikonyo vyake vilipandikizwa kwenye misprusi ya kawaida. Vimeshika, na sindano zinatoka za manjano.