Upele Upi? Maneno ya Ngozi na Mipaka Yake

Mama akifika kliniki na mwanawe mgongoni, akasema "ana upele," bado hajamwambia muuguzi kitu cha kuandika. Katika Kiswahili cha kila siku upele ni harara ya joto, ni chunusi za kijana, ni vijidudu vilivyochimba kati ya vidole, na pengine ni surua inayoanza kuchomoza. Ndiyo maana nesi mzoefu huuliza tena: Unamwasha zaidi usiku? Kuna mwingine nyumbani anayejikuna? Ulianzia wapi mwilini?

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya tiba. Kwa upande wa ngozi dai hilo halina mashiko. Tunayo choa na mapunye, mba na mbalanga, jipu na chunjua, lengelenge na kigaga, mchubuko na mkwaruzo, baka, sugu na kovu. Tunao hata mkanda wa jeshi, jina linaloeleza ugonjwa vizuri kuliko vitabu vingi: malengelenge yanazunguka upande mmoja wa mwili kama mkanda, kisha yanakoma katikati. Maneno tunayo tele. Mipaka ndiyo inayokosekana. Neno huwa istilahi pale watu wa kazi moja wanapokubaliana linaanzia wapi na linaishia wapi.

Chukua ukurutu. Kwa wengi ni ule upele wa vijidudu unaoambukiza nyumba nzima. Katika baadhi ya maelezo ya afya, neno hilohilo limetumika kwa ngozi kavu inayowasha na kupasuka, ambayo wengine huiita pumu ya ngozi. Jina hili la pili lina akili yake, kwa kuwa hali hiyo na pumu ya kifua mara nyingi hukaa katika ukoo mmoja. Lakini tiba zake haziendi njia moja. Wa vijidudu hutibiwa kwa dawa inayopakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, kwa watu wote wa nyumba hiyo kwa wakati mmoja, huku nguo na mashuka yakifuliwa kwa maji ya moto. Wa pumu ya ngozi huhitaji mafuta ya kulainisha, na mara nyingine krimu ya steroidi. Mpake steroidi mwenye choa au mwenye vijidudu: muwasho utapungua, familia itashukuru, na ugonjwa utaendelea kusambaa chini kwa chini. Hapo kosa la neno limekuwa kosa la dawa.

Jeraha na kidonda navyo hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sikio la msemaji hodari linavitenga. Jeraha lina saa yake: panga limeteleza, chupa imemkata, pikipiki imemburuza. Kidonda kina umri. Jeraha lisilofunga ndilo linalogeuka kidonda, na vipo vidonda visivyotanguliwa na jeraha lolote la kuonekana. Muuguzi akiandika "jeraha" anaulizwa lilitokea lini na kama chanjo ya pepopunda imetolewa. Akiandika "kidonda" anaulizwa kwa nini hakiponi.

Swali hilo la kwa nini ndilo linalopambanua jina zuri na jina bora. Mgonjwa aliyelala muda mrefu hutoka vidonda kwenye visigino, nyonga na juu ya makalio. Tukiviita vidonda vya kulala tunalaumu kitanda, tunamsahau anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu, ambaye hupata vilevile. Tukisema vidonda vya mgandamizo, tumetaja chanzo: mfupa unaikandamiza ngozi hadi damu haipiti. Jina lenyewe limeshatoa maagizo. Mgeuze, ondoa uzito, kagua ngozi.

Kwenye moto, lugha yetu ina vitenzi vinavyopanda ngazi. Kuungua ni tukio, liwe la mwali, maji yaliyochemka au uji. Kutoka malengelenge ni hatua ya pili. Kubabuka ni pale ngozi inapoachana na nyama. Vitabu huhesabu daraja la kwanza hadi la tatu, hesabu isiyomwambia mzazi chochote, tena inaweza kumpoteza. Mzazi hutarajia daraja likipanda na maumivu yapande. Kumbe moto ukizama hadi kuunguza neva, ngozi hugeuka nyeupe au kahawia, ikawa ngumu, na mahali penyewe hapasikii hata sindano. Nyumbani watu husema "hasikii maumivu tena, amepata nafuu," wakati hapo ndipo hatari ilipo kubwa. Afadhali tuseme kuungua kwa juujuu na kuungua kwa kina, jina libebe onyo. Kuhusu ukubwa, kipimo mgonjwa anacho mwenyewe: kiganja chake pamoja na vidole ni takribani asilimia 1 ya ngozi yake. Na kabla ya jina lolote, maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala yai.

Neno jingine linalonitatiza ni wekundu. Miongozo mingi hutaja "ngozi kuwa nyekundu" kama dalili ya kwanza ya uvimbe au maambukizi, kwa sababu imetokana na vitabu vilivyotazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi mahali hapo huweza kuwa peusi zaidi, pa zambarau au pa kung'aa tu. Muuguzi anayesubiri wekundu atachelewa. Anayeweka mgongo wa mkono atasikia joto. Akibonyeza atasikia ugumu. Na wagonjwa wetu hawasemi wekundu. Wanasema panachoma, panavuta, panapwita. Hizo ni dalili kamili, zinastahili kuingia kwenye fomu jinsi zilivyotamkwa.

Kwa hiyo orodha ya istilahi za ngozi isitungwe na wanaisimu peke yao. Mezani awepo muuguzi wa wodi ya majeraha, na kila kidahizo kiwe na mstari unaoanza na "si": ukurutu si pumu ya ngozi, lengelenge si jipu, kovu si kidonda. Yako pia maneno ya kuyaondoa kwenye faili. Donda ndugu ni mojawapo. Linafunika mguu wa mwenye kisukari, unyayo wa mwenye ukoma uliopoteza hisia na kidonda cha mishipa iliyovimba, na kila kimoja kina tiba yake. Tuwaachie wanasiasa walitumie kwa rushwa, sisi faili la mgonjwa tuliandikie chanzo.