Debe, Jerikani na Dumu: Historia ya Majina ya Vyombo vya Mafuta

Mtu akisimama dukani Korogwe au Handeni akaagiza "dumu la mafuta", ameacha mambo mawili bila kuyataja: ni mafuta gani, na dumu hilo limetengenezwa kwa kitu gani. Katika mazungumzo ya kila siku upungufu huo haudhuru, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wanaelewana. Katika tangazo la usalama, kanuni au kitabu cha ufundi, unadhuru sana. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tulivyofika hapo, maana hatuwezi kuchagua istilahi zinazofaa bila ya kuijua safari ya maneno yenyewe.

Neno lililotangulia ni debe. Asili yake ni lugha za Bara Hindi, na lilienea pamoja na mafuta ya taa. Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta hayo yaliletwa pwani yetu katika makopo ya bati yenye pembe nne, mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Debe lilichukua galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kitu. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Handeni haikupata reli ya namna hiyo; wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitandaza njia ya vitoroli kutoka Mombo kuelekea huko, vikisukumwa kwa mikono ya watu, na Juni 1916 miji yote miwili ikatwaliwa na Waingereza.

Debe lilipokwisha mafuta halikutupwa. Lilichotewa maji, likakatwa kufanywa koroboi, likapimiwa mahindi. Hata leo, ingawa tunatumia kilo na lita, mkulima wa Handeni bado huhesabu debe 6 katika gunia, na debe lenyewe huenda likawa ndoo ya plastiki. Tena limeingia katika methali, kwani debe tupu haliachi kuvuma, na katika vituo vya mabasi, ambako mpiga debe hana debe lolote mkononi. Neno lililoota mizizi kiasi hicho halifai tena kutajia chombo kimoja mahsusi bila kuongezewa sifa.

Kwa petroli, bati jembamba halikufaa. Jambo hilo lilidhihirika katika majangwa ya Misri na Libya wakati wa Vita Kuu ya Pili: makopo ya galoni 4 ya jeshi la Uingereza yalifumuka kwenye viungo vyake na petroli nyingi ikamwagika njiani. Wajerumani walikuwa na chombo bora. Kilibuniwa mwaka 1937, kikichukua lita 20, kwa vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa kuchomelewa. Kilikuwa na mikono mitatu, hivi kwamba watu wawili waliweza kukichukua pamoja, au mtu mmoja akabeba viwili vitupu kwa mkono mmoja. Waingereza walikiiga, wakakiita kwa jina la utani walilompa Mjerumani, "Jerry", na kutokana na jina hilo tumepata jerikani. Yafaa tukumbuke kwamba Wajerumani walitawala Korogwe na Handeni kwa miaka mingi, lakini chombo chao maarufu kimetufikia kwa jina la Kiingereza, tena la kejeli.

Plastiki ilipofika, jina halikutoka nje. Dumu lilikuwamo katika kamusi za zamani kwa maana ya chombo chenye mkono, cha namna ya jagi. Wasemaji wa Tanzania walilihamishia kwenye chombo kipya, wakati Wakenya wengi wakisema mtungi au jerikani, na ndugu zetu wa Kongo ya Mashariki bidoni. Kwa maoni yetu uhamisho huo ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba dumu limemeza vyote, cha chuma na cha plastiki, lililotengenezwa kwa petroli na lililonunuliwa likiwa na mafuta ya kupikia.

Tofauti hizo si za maneno matupu. Plastiki haipitishi umeme. Chaji hujikusanya juu yake petroli inapomiminwa, na cheche ndogo yatosha kuwasha mvuke. Dumu jembamba la mafuta ya kula hupitisha mvuke wa petroli, huvimba, na huchakaa juani. Chuma nacho hushika kutu kwa ndani pakiwa na maji, lakini hupitisha umeme, na kikigusana na mdomo wa pampu chaji huondoka. Kadhalika mafuta yenyewe: mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi za Selsiasi, ilhali petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi kali. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka Msamvu, Morogoro, watu walikimbilia huko na madumu. Moto ukalipuka, na waliofariki walizidi 100. Hatusemi kwamba neno ndilo lililowaua. Tunasema kwamba lugha inayoita petroli na mafuta ya kupikia kwa jina moja, na kuyatia katika chombo chenye jina moja, haimpi msemaji onyo lolote.

Kwa hiyo tunapendekeza dumu libaki kuwa jina la jumla, na katika maandishi ya kiufundi lifuatwe daima na kitu lilichotengenezwa nacho: dumu la chuma, dumu la plastiki. Jerikani litengwe kwa chombo cha chuma cha lita 20 tulichokieleza. Wako watakaotaka tuseme "dumu la pua", kwa kuwa pua ndilo neno sahihi la chuma kigumu. Lakini msomaji wa tangazo barabarani Segera ataelewa chuma upesi zaidi, na hapa upesi una thamani kuliko usahihi wa mhunzi. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yatajwe kwa majina yake. Limebaki galoni, ambalo mitaani limekuwa jina la chombo cha ukubwa wowote, hata cha lita 5; hilo linahitaji mjadala wake peke yake.