Wapi pa kujifunzia Kifaroe, lugha ya visiwa 18

MTU anayetaka kujifunza Kifaransa au Kijerumani hupata taabu ya kuchagua: vitabu ni vingi, walimu ni wengi na programu za simu hushindana kumvuta. Anayetaka kujifunza Kifaroe hukutana na taabu ya namna nyingine. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mgeni vinahesabika kwa vidole, na programu mashuhuri ya Duolingo haina kozi ya lugha hiyo.

Hata hivyo, zana za kujifunzia zipo, na nyingine hupatikana bila malipo. Kinachowakwamisha wengi ni kutojua zana ipi itangulie na ipi ifuate.

Kifaroe ni lugha ya wakazi wa Visiwa vya Faroe, kundi la visiwa 18 lililoko kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, baina ya Uskoti, Norway na Iceland. Visiwa hivyo, ambavyo mji wake mkuu ni Tórshavn, vina wakazi wapatao 54,000. Ni sehemu ya Ufalme wa Denmark, lakini vinajitawala katika mambo mengi ya ndani, vikiwa na serikali na bunge.

Wanaojifunza Kifaroe si wanaisimu na wapenzi wa muziki pekee. Wapo pia watu waliohamia visiwani kwa ajili ya kazi au ndoa, wakiwamo wanawake kutoka Thailand na Ufilipino walioolewa na wanaume wa huko.

Kwa watu hao, lugha si burudani. Mhamiaji anaweza kununua mkate kwa Kiingereza, lakini kikao cha wazazi shuleni, taarifa ya habari redioni na mazungumzo ya mezani kwa wakwe huendeshwa kwa Kifaroe. Wapo waliofika na elimu nzuri lakini wakajikuta katika kazi zilizo chini ya kiwango chao, na lugha ni miongoni mwa vikwazo walivyokutana navyo.

Lugha iliyoishi mdomoni

Kifaroe kilitokana na lugha ya kale ya Wanordiki waliohamia visiwani kutoka Norway kuanzia karne ya 9. Ndugu zake wa karibu ni Kiaislandi na lahaja za magharibi mwa Norway.

Baada ya Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16, Kidenmark kilishika kanisa, mahakama na baadaye shule. Kifaroe kikabaki nyumbani, mashuani na katika tenzi ndefu zilizoimbwa huku watu wakicheza ngoma ya mduara, wameshikana mikono.

Msomi Jens Christian Svabo, aliyeishi kati ya mwaka 1746 na 1824, alikusanya tenzi na maneno ya lugha hiyo. Mwaka 1846, Venceslaus Ulricus Hammershaimb aliweka misingi ya tahajia inayotumika hadi leo.

Tarehe 26 Desemba, 1888, wananchi walikutana Tórshavn kutetea lugha yao, na mkutano huo unahesabiwa kuwa mwanzo wa harakati za kitaifa. Sheria ya kujitawala ya mwaka 1948 ilitamka kwamba Kifaroe ndiyo lugha kuu ya visiwa hivyo, huku ikiagiza kuwa Kidenmark nacho kifundishwe vyema.

Historia hiyo inamgusa mwanafunzi wa leo moja kwa moja. Hammershaimb hakuandika maneno kama yalivyotamkwa. Aliyaandika kwa kufuata asili yake ya kale. Matokeo yake, ukurasa wa Kifaroe unafanana na wa Kiaislandi, lakini sauti inayotoka kinywani ni nyingine.

Kwa mfano, herufi ð kwa kawaida haina sauti yake yenyewe. Neno maður, maana yake mwanamume, husikika karibu na 'meavur'. Salamu góðan dag, yaani habari za mchana, hupoteza ð na g ya mwisho. Irabu á hutamkwa karibu na 'oa', na í karibu na 'ui'.

Kwa sababu hiyo, anayeanza na kitabu pekee, bila sauti, hujijengea Kifaroe ambacho hakuna mtu visiwani atakayekitambua. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kutamka kila herufi anayoiona, anapaswa kuwa na tahadhari zaidi.

Vitabu vya kuanzia

Kwa anayejua Kiingereza, kitabu kinachofaa kwanza ni kozi ya wanaoanza iliyotungwa na Hjalmar P. Petersen na Jonathan Adams, iliyotolewa Tórshavn mwaka 2009. Ina juzuu mbili, moja ya masomo na nyingine ya sarufi, nazo husomwa sambamba.

Kabla ya hapo, vizazi kadhaa vya wageni vilitegemea kitabu cha W. B. Lockwood cha mwaka 1955. Bado kina manufaa kwa mtu aliyezoea istilahi za sarufi, ingawa lugha na mifano yake ni ya zama nyingine. Si kitabu cha kumpa mtu ambaye hajawahi kujifunza lugha ya kigeni.

Kwa maswali magumu, rejea kubwa ni sarufi iliyoandikwa na Höskuldur Thráinsson wa Iceland pamoja na wenzake wa Faroe, iliyochapishwa mwaka 2004 na kutolewa tena mwaka 2012. Hicho ni kitabu cha kurejea jambo linapotatiza, si cha kusomwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Vitabu vingine vingi vya kufundishia vimeandikwa kwa Kidenmark. Mwanafunzi aliyewahi kusoma Kidenmark, Kinorwei au Kiaislandi ana mlango wa pili, kwa kuwa maneno mengi atayatambua.

Kamusi na umbo la neno

Kamusi ya Kifaroe kwa Kiingereza ya G. V. C. Young na Cynthia R. Clewer ilitoka mwaka 1985. Mwaka 1998 ikafuata kamusi kubwa ya lugha moja, Føroysk orðabók, inayoeleza maneno ya Kifaroe kwa Kifaroe.

Leo mwanafunzi hahitaji kuagiza vitabu hivyo kwa meli. Kampuni ya uchapishaji ya Sprotin imeweka kamusi kadhaa kwenye tovuti yake zitumike bure, zikiwamo za Kifaroe kwa Kiingereza na Kiingereza kwa Kifaroe, pamoja na kamusi hiyo ya lugha moja.

Tatizo ni kwamba neno linaloonekana gazetini si lazima liwe katika umbo lililomo kwenye kamusi. Nomino za Kifaroe zina jinsia tatu, nazo hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Maður huweza kuwa mann, manni, menn au monnum. Anayekutana na monnum na kulitafuta chini ya 'mo' hatalipata mahali alipotarajia.

Chuo Kikuu cha Tromsø, kaskazini mwa Norway, ambacho kimebobea katika teknolojia ya lugha ndogo, kimetengeneza zana za kompyuta zinazochambua maumbo ya maneno ya Kifaroe. Zana hizo humrudisha mwanafunzi kwenye neno la msingi, kisha kamusi ikafanya kazi yake.

Mwanafunzi atakutana pia na maneno mapya yaliyoundwa kutoka mizizi ya zamani badala ya kukopwa. Kompyuta huitwa telda, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuhesabu, kama tarakilishi linavyokumbusha tarakimu. Helikopta huitwa tyrla. Ukijua mzizi, maneno ya namna hiyo hukumbukwa kwa urahisi.

Kuzoeza sikio

Chanzo kikubwa cha sauti ni Kringvarp Føroya, shirika la utangazaji la umma. Redio ilianza kurusha matangazo mwaka 1957 na televisheni mwaka 1984. Vipindi vyake hupatikana pia kwenye intaneti, hivyo aliye mbali na visiwa anaweza kuvisikiliza.

Njia inayofaa ni kuanza na vipindi vya watoto, ambavyo sentensi zake ni fupi, kisha kuhamia kwenye taarifa ya habari. Habari zina faida moja: tukio lile lile huandikwa magazetini, hivyo mwanafunzi husikia kwanza, kisha akasoma. Dimmalætting, gazeti kongwe la visiwa hivyo, lilianza mwaka 1878.

Muziki nao husaidia. Mwimbaji Eivør Pálsdóttir ameimba nyimbo nyingi kwa Kifaroe, na bendi ya Týr imezipiga tenzi za kale kwa mtindo wa roki. Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kwamba lugha ya tenzi si ile ya dukani.

Kwa msomaji wa dini, Biblia ni kitabu cha mazoezi kisichohitaji mwalimu. Victor Danielsen alitoa tafsiri kamili mwaka 1949, na tafsiri ya kanisa iliyoanzwa na Jákup Dahl ilitoka mwaka 1961. Kwa kuwa sura na aya hulingana, inaweza kuwekwa kando ya Biblia ya Kiswahili na kusomwa mstari kwa mstari.

Mashine za kutafsiri

Kwa muda mrefu Kifaroe hakikuwamo katika huduma ya tafsiri ya Google. Mwaka 2017, bodi ya utalii ya visiwa hivyo ilianzisha huduma yake ya kujitolea: mgeni aliandika sentensi, na mwenyeji akajirekodi kwa video akiitafsiri. Google iliongeza Kifaroe mwaka 2024, ilipoingiza lugha 110 kwa pamoja.

Mashine hizo hufaa kwa kupata maana ya jumla ya maandishi. Hazifai kuwa mwalimu, kwa sababu anayeanza hana uwezo wa kugundua pale zinapokosea jinsia au umbo la nomino.

Jambo hilo lina uzito hata kwa wenyeji. Vifaa visipoelewa Kifaroe, watoto huvisemesha kwa Kiingereza, na lugha hupoteza nyanja moja zaidi ya matumizi. Ndiyo maana mradi uitwao Ravnur, maana yake kunguru, ulikusanya sauti na maandishi ya Kifaroe ili watengenezaji wa programu wavitumie.

Darasani na mitaani

Chuo Kikuu cha Visiwa vya Faroe, Fróðskaparsetur Føroya, kilichoanzishwa mwaka 1965, kimekuwa kikiandaa kozi ya kiangazi ya lugha na utamaduni kwa wageni. Kwa wakazi, zipo pia darasa za jioni. Anayepanga kwenda aulize mapema, kwa kuwa katika nchi yenye watu wachache kozi haiwi na nafasi nyingi.

Kufika visiwani hakutoshi. Wenyeji wengi wanajua Kidenmark na Kiingereza, na humwonea huruma mgeni anayehangaika. Baada ya sentensi mbili humgeuzia Kiingereza. Ukarimu huo humwacha mwanafunzi bila mazoezi. Dawa yake ni kuomba kwa upole mazungumzo yaendelee kwa Kifaroe, na kukubali kukosea mbele za watu.

Kwa muhtasari, mwanafunzi aanze na sauti kwa wiki chache kabla ya kuzama katika maandishi. Afuate kozi ya mwaka 2009 huku kamusi za Sprotin zikiwa wazi kando yake. Sarufi kubwa aiweke rafuni kwa siku ya swali gumu, habari za Kringvarp Føroya azifanye ratiba ya kila siku, na darasa la kiangazi aliingie akiwa tayari na msingi.

Zana hizo ni chache, lakini zinatosha kumfikisha mtu kwenye mazungumzo. Kwa mhamiaji wa Tórshavn, mazungumzo hayo ndiyo yatakayomwezesha kuuliza swali lake mwenyewe katika kikao cha wazazi, bila mume au mtoto wa kumtafsiria.