Maambukizi ya figo kwa watoto wenye kasoro za njia ya mkojo

Ugonjwa huu hutokea bakteria, mara nyingi Escherichia coli, wanapopanda kutoka kibofuni hadi kwenye figo. Mtoto aliyezaliwa na kasoro ya njia ya mkojo yuko hatarini zaidi, kwa kuwa mkojo hutuama ndani yake. Kwa wengine hurudi juu kupitia ureta, mrija unaounganisha figo na kibofu. Baadhi ya wavulana huzaliwa na vijikunjo vya utando vinavyoziba mrija wa kutolea mkojo: hukojoa kwa kujikamua, au matone tu.

Bungoma, magharibi mwa Kenya, ambako malaria imeenea, homa ya mtoto hudhaniwa upesi kuwa malaria. Hapo ndipo penye hatari. Mtoto mchanga hawezi kusema ubavu unamuuma. Hutapika na kukataa kunyonya, basi. Kipimo cha mkojo hufichua maambukizi, na ultrasaundi huweza kuonyesha figo iliyotanuka.

Antibiotiki huua bakteria, haziondoi kasoro. Panapohitajika upasuaji, familia za Kitale na Bungoma huweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Maambukizi huweza kuacha kovu kwenye figo, nalo halifutiki. Mzazi anayeona homa ikirudi kila mara aombe mkojo wa mtoto upimwe.